Nyumba ya babu Kariakoo: sisi tulihesabu vyumba, mwenzetu akahesabu milango

Nimezaliwa Kariakoo mwaka 1968 kwenye nyumba ya babu mzaa baba, na nimeona niandike kuhusu ile bloku yetu maana kila nikikaa na hawa vijana wanaokuja mjini kufata mzigo naona hawaamini kabisa nikiwaambia kwamba hapo mnaponunulia viatu watu walikuwa wanalala, wanazaa, wanauguza na wanafiwa. Mtaa wenyewe sitautaja, wahusika wapo hai na kuna mambo bado hatujayamaliza. Ni karibu na sokoni tu, ukipiga kelele muuza nyanya anakusikia.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa nyumba zote pale. Vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi unapita katikati mpaka uani, uani kuna jiko, choo, bafu na banda la vyumba viwili. Kuta za miti na udongo zimepigwa lipu, juu bati. Mbele kulikuwa na mlango mmoja wa mbao, madirisha mawili na baraza ya simenti, basi. Huo mlango mmoja naomba uukumbuke maana habari yangu yote iko hapo.

Babu alitoka Rufiji kijana akaja kufanya kazi ya ukuli bandarini, ule mgomo wa bandari wa mwaka 1947 alikuwemo na alikuwaga anausimulia mpaka tunasinzia. Yeye ndo alotuambia jina la Kariakoo lilikotoka. Wajerumani walijenga pale jengo la soko karibu na vita ya 1914, vita ikawakuta soko halijaanza, Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wao wa vitani, Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka wanavyoweza ndo likawa Kariakoo. Kwa hiyo lile eneo lilianza kubadilishiwa kazi kabla hata halijafanya ile liliyojengewa. Mi nilikuwa naisikia kama hadithi tu ya wazee, nimekuja kuielewa ukubwani.

Nilivyokuwa mdogo ndani ya nyumba ile tulikuwa tunalala watu zaidi ya thelathini, familia yetu na wapangaji, kuna mwalimu, kuna fundi cherehani, kuna mama mmoja wa Tanga na wanawe wanne kwenye chumba kimoja. Bibi alikuwa anachoma vitumbua barazani kuanzia alfajiri. Soko jipya lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, lile lenye paa kama miavuli ya zege alilolichora Beda Amuli, mi nikiwa na miaka saba, tukawa tunashuka shimoni, ile sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, kwa ajili ya baridi tu, hatununui kitu. Bloku yetu ilikuwa ya kulala na sokoni ndo kwa kuuza, na katikati palikuwa na mpaka ambao hakuna aliyeuandika ila kila mtu aliujua.

Kona ya bloku kulikuwa na ghorofa moja la Mhindi, duka chini, familia juu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na lile nalo likachukuliwa likawa chini ya Msajili wa Majumba. Sisi hatukuguswa, nyumba ya udongo nani aitaifishe, na babu alikuwa anasema kwa kujivunia kabisa kwamba umasikini umemlindia kiwanja. Yule mzee wa Kihindi akabaki mpangaji kwenye jengo alilolijenga mwenyewe, baadae wanawe wakaondoka nchini mmoja mmoja. Nilicheza na wajukuu zake. Siku walipohama shangazi yangu alilia kama kafiwa, na mi nilishangaa wakati ule kwa nini analilia watu wa kona.

Babu alifariki mwaka 1979. Mirathi haikugawanywa, ba'mkubwa akawa msimamizi, nyumba ikabaki ya wote, ndo kusema haikuwa ya mtu.

Alafu ikaja ile miaka ya foleni. Mwaka 1983 kwenye msako wa wahujumu uchumi watu waliogopa mpaka kuna asubuhi tulikuta madumu ya mafuta na sabuni za mche zimetupwa mtaroni, hakuna aliyetaka kukutwa na kitu. Nina miaka kumi na tano nakumbuka bibi alitukataza hata kugusa. Mwaka uliofuata serikali ikalegeza, ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana wamezipata wapi, alafu mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi na ruksa yake. Aisee mtu ambae hakuwepo hawezi kuelewa ile kasi. Mtaa uliokuwa hauna hata kiberiti ndani ya miaka miwili umejaa mitumba, vitenge, redio, betri, kila kitu.

Na hapo ndo ukuta wetu ulipotobolewa. Yule mwalimu wa chumba cha mbele alihama, akaja kijana mmoja wa Kipemba akamwambia ba'mkubwa nakitaka chumba kile ila sitaki kulala, nataka dirisha liwe mlango. Akalipa kodi ya miezi sita na kilemba juu, yaani hela ya kupewa nafasi. Hela tuliyokuwa tunaipata kwa mwalimu mwaka mzima yule alitoa siku moja. Fundi alikuja asubuhi na nyundo, mpaka adhuhuri dirisha ni mlango. Bibi alikaa uani siku nzima hakutoka, jioni ba'mkubwa alipoenda kumsalimia akamwambia, "Mwanangu, ukuta huu mshautoboa, hamtauziba tena." Hakuwa anakataa, chakula cha nyumba ile kilikuwa shida na yeye alijua kuliko wote. Ila alikuwa ameona mbali.

Kufika mwaka 1990 mbele tulikuwa na fremu nne, yaani vyumba vya duka. Baraza ikavunjwa kwa sababu wateja wanajikwaa, bibi akahamishia vitumbua uani ambako hakuna mnunuzi, baada ya miezi michache akaacha. Wenye fremu wakawa wanaomba waweke maboksi mawili matatu ukumbini, tunawakubalia, ni watu wema na wanatusaidia kwenye sikukuu. Maboksi yakawa mabelo. Watoto wakawa wanapita ubavu. Mwaka 1994 bibi akafariki, na siku ya kuutoa mwili tuliupitisha ukumbini, ilibidi wanaume wasimame dakika kumi jeneza liko mabegani wakati vijana wanahamisha mabelo ya mitumba wapate njia. Wenye fremu wote walifunga siku tatu, turubai lilizuia mtaa mzima na hakuna aliyelalamika, hilo nawashukuru mpaka leo. Lakini zile dakika kumi sijazisahau. Nilimwangalia ba'mkubwa akaangalia chini, na nadhani wote tulielewa kuwa nyumba ishakuwa ya mizigo, sisi ndo tunaopanga humo.

Tukaanza kutoka. Wengine Mbagala, wengine Tandika, mi na mume wangu tukajenga Kimara kidogo kidogo. Ikabaki shangazi mmoja chumba cha uani mpaka mwaka 2003.

2003 akaja mbia. Hii biashara pale mjini ilikuwa inajulikana, nyie mnatoa kiwanja mfanyabiashara anatoa hela, inapandishwa ghorofa, mnagawana sakafu, anatumia miaka kadhaa alafu jengo lote linarudi kwenu. Nyumba za bloku yetu zilikuwa zinaondoka mojamoja hivyo hivyo. Si wizi na sisemi kwamba mtu yule alitudhulumu. Alikuja na mchoro wa ghorofa sita, akasema chini fremu, ya kwanza na ya pili maduka, tatu na nne za kwenu, fleti nne nne, tano na sita zake, miaka 25 toka jengo liishe.

Kikao cha familia kilichukua lisaa limoja. Mkataba umeandikwa Kiingereza kurasa ishirini na kitu na aliyeusoma ni mtoto mmoja wa ba'mkubwa, sisi wengine tulisimuliwa. Mi nilikuwa na miaka 35, nina akili zangu, nafanya kazi, na swali langu pekee siku ile lilikuwa kila fleti itakuwa na choo chake? Nikajibiwa ndio. Nikafurahi. Hebu fikiria tumetoka vyumba sita choo kimoja, tunapewa fleti nane zenye jiko na choo ndani, nani asifurahi? Tuliihesabu nyumba kwa vyumba kwa sababu sisi tulilala pale. Yule bwana hakuwahi kulala pale hata siku moja, yeye alihesabu milango inayotazama barabara. Sisi tuliujua mmoja, baadae minne. Jengo lilipoisha 2006 chini kulikuwa na milango kumi na sita, mingine kwa ndani kama korido, na yote yake. Kilemba alichochukua kwa mlango mmoja wa mbele kilizidi kodi ya fleti zetu mbili kwa mwaka.

Kama una kiwanja cha familia mjini na mtu kaja na mchoro, nakuomba kabla hujauliza mtapewa sakafu ngapi nenda kasimame nje ya kiwanja asubuhi mpaka jioni, wiki nzima ikibidi, uangalie watu wanasimama wapi, wanashusha wapi mizigo, nani analipa hela kwa nani. Wamachinga walikuwa wanawapa wenye fremu hela ya kupanga meza tu mbele ya mlango, pale pale ilipokuwa baraza ya bibi. Sentimita zile za simenti ambazo tulizivunja bure! Hilo lingetufundisha tosha kama tungekuwa tunaangalia. Lakini tulikuwa tushahama, tunakuja mara moja kwa mwezi kuchukua kodi na kuondoka.

Fleti zetu mwanzo walikaa watu kweli, familia za wafanyabiashara, wengi Wachaga na Wakinga, baba anashuka ngazi yupo kazini. Haikudumu. Jenereta zinanguruma nje kila umeme ukikatika, maji hayapandi, gari la wagonjwa haliwezi kuingia mchana, watoto hawana hata pa kurushia mpira. Wakaondoka. Nilivyoanza kusimamia kodi mimi mwaka 2009 fleti tatu zilikuwa lodji isiyo rasmi ya wateja wa nje, kina mama wa Lubumbashi, wa Lusaka, wa Moroni, wanalala wanne wanne, wananunua siku mbili wanafunga mizigo wanaondoka. Niliwapenda wale, wanalipa taslimu na wanapika pamoja, ukipita kwenye ngazi unasikia harufu ya samaki na Kiswahili cha kila aina. Alafu taratibu nako kukageuka. Mwenye duka la chini anakuja, mama, nipe hii fleti niweke stoo, nakulipa mwaka mzima, sina haja ya maji, sina haja ya umeme zaidi ya taa moja. Mpangaji asiyelalamika choo! Nikatoa moja, nikatoa ya pili, kufika 2016, mwaka ule mwendokasi umeanza kupita Msimbazi, fleti saba kati ya nane zilikuwa stoo.

Hili ndo kosa langu mimi. Sio la ba'mkubwa wala la mbia.

2019 niliona ufa ukutani kwenye korido ya ghorofa ya tatu, mwembamba kama unywele, nikamwita fundi akapiga pati na rangi. Mwaka uliofuata ufa uko pale pale. Nikapiga tena rangi. Julai 2021 soko la Kariakoo likaungua usiku, soko lile lile la miavuli, na asubuhi yake nilienda nikasimama na watu wengine tunaangalia moshi, kuna wazee walikuwa wanalia na hawana hata meza mle ndani. Nikawaza moto tu, nikaenda kununua mitungi ya kuzimia moto nikaitundika kila ngazi. Ufa sikuuwaza. 2022 mtoto wa mbia akaja na wazo la kuchimba chini ya jengo apate stoo nyingine, jengo likiwa limesimama na watu wanafanya biashara, akataka saini yetu kwa vile hati ina jina la babu. Nilikataa, na niseme ukweli sikukataa kwa utaalam, nilikataa kwa sababu nilikuwa na kinyongo cha ile milango kumi na sita. Mungu alitumia kinyongo changu.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo likaanguka Kariakoo. Sio letu. Nilipigiwa simu na dalali, ananiuliza mama uko wapi, mi nikajua ni letu, miguu iliisha nguvu nikakaa chini jikoni. Watu zaidi ya ishirini walifariki, wengine walikaa chini ya kifusi wanaongea na waokoaji kwa simu. Na ikasemwa kwamba chini kulikuwa kunachimbwa. Nilikaa siku mbili siwezi kula.

Jumatatu nikamtafuta injinia, wa kumlipa mwenyewe, hata familia sikuwauliza. Alipanda mpaka ghorofa ya tatu akafungua mlango wa stoo akasimama tu. Akaniuliza, "Mama, hii sakafu ilichorwa kwa ajili ya nini?" Nikamwambia fleti, watu kulala. Akanieleza kwa lugha rahisi, sakafu ya kuishi huwa inapigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 hadi 200 kwa kila mita moja ya mraba, vitanda, makabati, watu wakizunguka. Belo la mitumba ni kilo 45. Pale yalikuwa yamepangwa sita juu kwa juu, kilo 270, na hiyo safu moja ya mabelo haijai hata nusu ya mita ya mraba, na chumba kizima ndo hivyo mpaka darini, na fleti saba. Akaugusa ufa wangu nilioupaka rangi mara mbili akasema huu ulikuwa unaongea na wewe.

Niliwatoa wote ndani ya wiki tatu. Walinung'unika, mmoja kanitolea maneno makali na nikamrudishia kodi ya miezi aliyobakiza, hela nilikopa kwenye kikoba. Injinia alisema tumewahi, nguzo zipo salama, boriti mbili zikafanyiwa kazi. Miezi mitano fleti zikakaa tupu na ndugu wakawa wananiuliza hela iko wapi, nikawa nawaonyesha picha za kifusi kwenye simu basi wananyamaza.

Alafu wakaja watoto ambao sikuwatarajia. Binti wa miaka ishirini na nne anataka chumba kimoja tu ghorofa ya nne, hana haja ya mlango wa barabarani, anaweka shelfu, magauni ya sampuli, taa ile ya duara na simu. Anauza laivu mtandaoni, oda ikija winga, yule kijana wa kati anayeunganisha muuzaji na mteja, anashuka kuchukua mzigo dukani, bodaboda anaupeleka stendi. Nikamuuliza sasa mteja anakupataje huku juu? Akanijibu, "Mama, mteja wangu yupo Mwanza, mwingine yupo Lubumbashi, huu mtaa hawajawahi kuukanyaga." Nikabaki namuangalia. Saivi ninao kumi na mmoja wa aina yake, fleti moja wanagawana watatu, na kwenye mkataba kila mmoja nimeandika kwa Kiswahili mzigo usizidi kiasi gani na usipangwe kupita kiuno. Fremu za chini bado ndo ghali, tusidanganyane. Ila kwa mara ya kwanza tangu 2006 mwenye milango kaja kutugongea sisi wenye vyumba. Anataka ghorofa ya nne.

Kuna usiku mmoja mwaka huu nilichelewa pale na injinia nikamuuliza mlinzi wa bloku, watu wangapi wanalala humu? Akahesabu kwa vidole, yeye, wenzake wanne, na mzee mmoja wa dukani ambae mkewe amefariki. Bloku ambayo nyumba moja tu ilikuwa na watu thelathini na kitu. 2025 imezinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo kwa hiyo taa zinawaka na watu wanapita usiku, lakini kulala hakuna anaelala. Shangazi ndo amebaki peke yake katika watoto wa babu, ana miaka 81, alinisikiliza nikimsimulia akauliza kitu kimoja tu, ule mwarobaini wa uani waliukata? Uliondoka 2004 shangazi. Akasema mbona hamkuniambia.

Sasa mbia ameleta barua. Muda wake unaisha 2031, anataka tuongeze miaka 20, atatupa hela nyingi mara moja na zaidi ya hapo tubadilishane sakafu. Vijana wetu wengine wanazitaka hela hizo leo na siwalaumu, wana ada za watoto. Mi nimetoa barua na ule mkataba wa zamani kwa wakili akavitafsiri vyote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na mchoro wa jengo nimeambatanisha kila mlango umewekewa namba. Kikao ni Jumapili baada ya alasiri kwa shangazi Mbagala. Kopi nimetoa kumi na tisa, kila mrithi ya kwake, na nimeshawapelekea wiki mbili kabla.